Nyota Akizeeka, Abaki au Abadilishwe?

Wadogo zangu, leo naweka kando mambo ya wachumba na mawifi, maana mdogo wangu mmoja ameniandikia kwa uchungu kuhusu mpira wa kikapu. Ni shabiki wa timu moja ya NBA kule Marekani, yule shabiki wa kuamka saa tisa na nusu usiku fainali zinapoanza, kisha asubuhi anaenda kazini macho mekundu. Jina la timu hakunitajia. Nyota wao amefika miaka 35. Amewabeba miaka mingi, lakini sasa magoti yanamsumbua, mechi hii anacheza, ile anapumzishwa, na marafiki zake wameanza kusema abadilishwe kabla dirisha la Februari la kubadilishana wachezaji halijafungwa. Yeye anasema huo ni usaliti. Wamegombana mpaka hawatazami tena pamoja, na anataka dada awaamue.

Haya, nawaamua. Abadilishwe. Abadilishwe mapema, wakati timu nyingine bado zinamtaka, aelezwe uso kwa uso, na apelekwe mahali ambapo mwenyewe yuko radhi kwenda. Iko hali moja ambayo ningesema abaki, na nitaifikia. Lakini kwanza nataka muelewe kwa nini nasema hivi, maana najua wengine mmeshaanza kuninunia.

Sisi tumezoea soka. Simba au Yanga wakimwachia mchezaji, wanalipwa pesa, na pesa hiyo wataitafutia mchezaji mwingine. NBA haiendi hivyo. Mchezaji anabadilishwa na wachezaji wenzake, au na haki ya kuchagua chipukizi katika drafti ya miaka ijayo, na mishahara ya pande mbili kwa kawaida inatakiwa ikaribiane. Mkataba wake anahama nao kama ulivyo. Hiyo haki ya drafti ndiyo yenye utamu. Timu zilizofanya vibaya zaidi ndizo zenye bahati kubwa ya kuchagua mwanzoni, kwa hiyo ukipewa nafasi ya timu ambayo miaka mitatu baadaye itakuwa mkiani, umepewa mali. Timu inaweza kuahidi nafasi zake mpaka miaka saba mbele. Lakini mkataba wa nyota wako ukiisha akiwa kwako, anakuwa mchezaji huru, anaondoka anakotaka, nawe unabaki mikono mitupu.

Halafu kuna hesabu ya mshahara. Mchezaji aliyetimiza miaka kumi katika ligi anaweza kulipwa mpaka asilimia 35 ya ukomo wa mishahara wa timu nzima. Mtu mmoja anachukua zaidi ya theluthi, na kikosi kina nafasi 15. Kama anakupa ubingwa, mpe, ni haki yake. Kama anakupa mechi 45 kwa msimu na goti lililofungwa barafu, basi wale wengine 14 wanagawana kilichobaki, na wewe shabiki unashangaa kwa nini benchi halina watu.

Sasa niwapeleke Boston, maana hakuna mji uliowahi kulijibu swali hili kwa pande zote mbili kama ule.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Boston Celtics walikuwa na Larry Bird na Kevin McHale, mabingwa wa 1981, 1984 na 1986. Miili yao ilikuwa imeanza kugoma. Msimu wa 1988-89 Bird alicheza mechi sita tu, akafanyiwa upasuaji wa visigino vyote viwili, na baadaye mgongo nao ukamshika. Mlinzi wao mmoja, Danny Ainge, amesimulia mara kadhaa kwamba alimwambia Red Auerbach, mzee aliyeijenga timu ile, kwamba wakati umefika wa kuwabadilisha Bird na McHale maana wanaumia na bado wana thamani. Auerbach hakukubali. Kilichofuata, aliyebadilishwa ni Ainge mwenyewe, akapelekwa Sacramento Februari 1989. Bird aliendelea kwa maumivu mpaka 1992, akastaafu. McHale akafuata 1993. Timu haikupata chochote kwa yeyote kati ya hao wawili.

Nisiwe mwonevu hapa. Celtics wa miaka ile walipigwa na misiba miwili ambayo hakuna mpango ungeiziba. Len Bias, kijana waliyemchagua wa pili katika drafti ya 1986, alifariki siku mbili baada ya kuchaguliwa. Reggie Lewis, aliyekuwa amerithi unahodha, alianguka na kufariki mwaka 1993. Hata hivyo hesabu haifichiki. Kuanzia ubingwa wa 1986 mpaka uliofuata mwaka 2008 ni miaka 22.

Ubingwa wa 2008 waliletewa na Paul Pierce na Kevin Garnett, pamoja na Ray Allen. Pierce ndiye ninayetaka mumwangalie vizuri, kwa sababu kama kuna mchezaji ambaye shabiki angeapa kwamba haondoki, ni yeye. Alichaguliwa na Boston mwaka 1998. Septemba 2000 alichomwa visu usoni, shingoni na mgongoni katika klabu ya usiku mjini humo, akafanyiwa upasuaji wa pafu. Msimu ulipofunguliwa alikuwa uwanjani, na akacheza mechi zote 82. Alivumilia miaka ya njaa ambapo timu ilikuwa ikipoteza mechi kila kukicha, hakukimbia, na 2008 akawa mchezaji bora wa fainali. Miaka 15 alivaa jezi moja.

Na aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha uongozi mwaka 2013 alikuwa nani? Danny Ainge yule yule. Pierce alikuwa na miaka 35, Garnett 37, na Celtics walikuwa wametolewa na New York Knicks raundi ya kwanza ya mtoano. Brooklyn Nets walikuwa na tajiri mwenye haraka ya ubingwa. Ainge akawapa Pierce, Garnett na Jason Terry. Kwa upande wa wachezaji alirudishiwa kundi la watu ambao wengi wenu hamtawakumbuka. Lakini alipewa nafasi tatu za raundi ya kwanza ya drafti, za 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya kubadilishana nafasi na Brooklyn mwaka 2017.

Mjini watu waliumia. Msimu uliofuata Celtics walishinda mechi 25 tu katika 82. Kama wewe ni shabiki wa aina ya huyu mdogo wangu, mwaka ule ungetukana sana.

Brooklyn walipata walichokinunua kwa msimu mmoja. Walishinda mechi 44, wakaitoa Toronto, kisha Miami wakawatoa kwa mechi nne kwa moja. Pierce akaondoka bure kwenda Washington mwaka 2014. Garnett akarudishwa Minnesota, alikoanzia, Februari 2015. Na Nets, ambao sasa hawakuwa na wazee wala drafti, waliporomoka mpaka ushindi 21 mwaka 2016 na 20 mwaka 2017. Kila walipozidi kuwa wabovu ndivyo nafasi zao zilizokuwa mikononi mwa Boston zilivyozidi kupanda bei. Ya 2014 haikuzaa kitu cha maana. Ya 2016 ilikuwa ya tatu, na Boston wakamchagua Jaylen Brown. Ya 2017 ilikuwa ya kwanza kabisa. Ainge akaipeleka Philadelphia, akapewa ya tatu na nafasi nyingine juu yake, akamchagua Jayson Tatum. Juni 2024 Brown na Tatum waliwafunga Dallas mechi nne kwa moja, na Brown akawa mchezaji bora wa fainali. Ubingwa wa 18, unaotokana moja kwa moja na uamuzi uliowaliza watu mwaka 2013.

Kuna jambo moja katika hadithi hii ambalo wengi huliruka, nami nalipenda kuliko hayo ya vikombe. Mkataba wa Garnett ulikuwa na kifungu kinachomruhusu kukataa kubadilishwa. Hakuweza kupelekwa popote bila yeye kukubali, na alikubali. Pierce naye hakutupwa kwenye timu ya mkiani. Alipelekwa mahali palipokuwa panatafuta ubingwa. Januari 2014 aliporudi Boston na jezi ya Brooklyn, uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Mwaka 2017 Celtics walimsainisha tena ili astaafu akiwa mtu wao, na Februari 2018 jezi yake namba 34 ikapandishwa darini. Ya Garnett, namba 5, ikafuata Machi 2022. Sasa niambieni, wadogo zangu, usaliti uko wapi hapo? Mtu alifanya kazi, akaagwa vizuri, na hata kuondoka kwake kukawa zawadi kwa watu aliowapenda.

Upande wa pili kuna Los Angeles Lakers na marehemu Kobe Bryant, na hapa nakanyaga kwa uangalifu, maana najua mapenzi mliyonayo kwake, na mimi ninayo. Aprili 2013 kano yake ya kisigino ilikatika. Novemba mwaka huo, akiwa na miaka 35 na kabla hajacheza hata mechi moja ya kurudi, Lakers walimwongeza mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 48.5. Ulikuwa mkataba wa shukrani. Msimu ule alicheza mechi sita, goti likavunjika. Uliofuata mechi 35, bega likachanika. Lakers walishinda mechi 27, kisha 21, kisha 17, na hizo 17 zilikuwa mbaya kuliko msimu wowote katika historia yao. Usiku wa mwisho, Aprili 2016, Kobe aliwafunga Utah pointi 60. Nani hakulia? Lakini pointi zile 60 zilikuwa za kwaheri katika mwaka ambao timu ilipoteza mechi 65.

Wapo watakaoniambia Lakers hawakuumia, kwa sababu ubovu ule uliwapa nafasi nzuri za drafti, wakawapata Brandon Ingram na Lonzo Ball, ambao mwaka 2019 walitumika kumleta Anthony Davis, na 2020 wakawa mabingwa. Ni kweli. Lakini LeBron James alikuwa ameshakuja mwenyewe mwaka 2018 kama mchezaji huru, na wachezaji wa aina hiyo wanajipeleka Los Angeles. Timu yako wewe iko mji gani? Kama ni Memphis, au Milwaukee, au Portland, usipange maisha yako kwa kuiga Lakers.

Na kabla sijasonga mbele niwape namna ya kumwangalia nyota anayezeeka, maana wengi mnadanganywa na pointi. Mchezaji mkubwa anaweza kuendelea kufunga hata mwili ukiwa umeisha, kwa sababu mpira anao yeye na hakuna wa kumnyang'anya. Kobe msimu wa 2014-15 alikuwa na wastani wa pointi 22 kwa mechi, ukisoma hivyo unaona yuko vile vile. Lakini mitupo yake iliyoingia ilikuwa chini ya asilimia 38. Mwangalie nyota wako anapokaba, hasa robo ya nne. Je, kijana wa timu nyingine anamzunguka bila jasho? Mwangalie anavyorudi nyuma mpira ukipotea. Hesabu mara ngapi anaenda kwenye mstari wa mitupo huru, kwa sababu mtu asiyeweza tena kupenya chini ya kikapu hachezewi rafu. Hesabu mechi alizokosa kwa misimu mitatu mfululizo. Mkifanya hivyo ninyi mnaogombana, mtajikuta mnakubaliana kabla ya saa moja kupita.

Sasa ile hali niliyosema ningemwacha abaki. Tim Duncan alikaa San Antonio misimu 19. Mwaka 2012, akiwa na miaka 36, alisaini kwa karibu nusu ya mshahara aliokuwa akilipwa, akakubali kupunguziwa dakika, na kocha Gregg Popovich akawa anampumzisha waziwazi hata wenye ligi wakikasirika. Mwaka 2014, akiwa na miaka 38, walichukua ubingwa, na mchezaji bora wa fainali alikuwa Kawhi Leonard mwenye miaka 22. Zingatieni mambo mawili hapo. Mzee alishusha bei mwenyewe na akashuka cheo mwenyewe. Na nyuma yake alikuwepo kijana aliyeiva. Huyo Leonard alipatikana 2011 kwa kumtoa George Hill, mchezaji ambaye Popovich alimpenda kama mwanawe. Kwa hiyo hata San Antonio, timu ya uaminifu tunayoisifu, ilijua kuuma meno na kubadilisha.

Bei kushuka peke yake haitoshi. Dirk Nowitzki aliwapa Dallas ubingwa wa 2011, na mwaka 2014 akakataa mikataba mikubwa kwingine ili asaini nao miaka mitatu kwa dola milioni 25. Moyo mzuri kuliko huo sijauona katika mchezo huu. Alimaliza misimu 21 na timu moja, na mji wa Dallas utamkumbuka daima. Lakini hakuwa na Leonard nyuma yake. Baada ya 2011 Dallas hawakushinda raundi hata moja ya mtoano mpaka 2022, miaka mitatu baada ya yeye kustaafu. Mashabiki wa Dallas wengi watakuambia walilipa bei hiyo kwa furaha, na siwezi kuwabishia. Ni mji wao na ni mzee wao. Mimi nasema tu muijue bei kabla ya kuilipa.

Kwa hiyo kama nyota wako anashusha mshahara, anakubali kuwa wa pili au wa tatu, na kijana wa kushika usukani yupo tayari, mwache azeekee nyumbani. Yakikosekana hayo, arudi mezani kwenye mazungumzo ya kuondoka.

Ila kubadilisha nako kuna namna ya kukosea, na hili nawaambia wale mliokuwa mnashangilia huko nyuma. Patrick Ewing alikuwa Knicks kwa miaka 15. Septemba 2000, akiwa na miaka 38, alibadilishwa kwenda Seattle. Ewing mwenyewe alitaka kuondoka. Lakini Knicks badala ya kusubiri mkataba wake mnono uishe baada ya msimu mmoja, walichukua wachezaji wa kawaida wenye mikataba mirefu. Wakajifunga. Mwaka 2002 na 2003 hawakufika hata mtoano, na mzigo wa mishahara ukawaandama miaka. Kwa Ewing muda mzuri ulikuwa umepita kitambo, na embe likishaoza hulipeleki sokoni ukategemea bei ya msimu. Ukishachelewa kiasi hicho, afadhali umwache amalize kwa heshima, mkataba uishe, uanze upya na mfuko mwepesi.

Na msiwe wanunuzi wenye tamaa. Phoenix Suns Februari 2023 walimchukua Kevin Durant, miaka 34, wakatoa Mikal Bridges, Cameron Johnson na nafasi nne za raundi ya kwanza. Mwaka 2024 wakafungwa mechi nne kwa sifuri na Minnesota raundi ya kwanza. Mwaka 2025 hawakufika mtoano kabisa, na Durant akapelekwa Houston kwa kitu kidogo kuliko kilichomleta. Alikuwa bado anafunga vizuri, kosa si lake. Waliuza kesho yao kwa leo, na leo yenyewe haikufika.

Nije kwenye sehemu inayoniuma, nayo ni namna ya kumwambia mtu. Wachezaji wengi wa NBA hawana sauti katika hili. Sisi Watanzania tulimwona kijana wetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, akichaguliwa wa pili na Memphis katika drafti ya 2009. Februari 2011 akabadilishwa kwenda Houston, na mwaka mmoja baadaye Portland. Miji mitatu kabla hajazoea wa kwanza. Kifungu cha kukataa kubadilishwa wanakipata wachache sana: lazima uwe na misimu minane katika ligi na minne na timu inayokusainisha, na hata hapo timu inaweza kukunyima. Kwa hiyo nyota wengi wanabaki kutegemea utu wa viongozi wao.

Na Ainge niliyemsifu kwa Pierce, mwaka 2017 alifanya jambo ambalo bado silimezi. Isaiah Thomas, kimo chake futi 5 na inchi 9, aliibeba Boston msimu ule kwa wastani wa karibu pointi 29, timu ikamaliza kileleni Mashariki. Siku moja kabla ya mechi yao ya kwanza ya mtoano, dada yake alifariki katika ajali ya gari. Kesho yake Thomas aliingia uwanjani akifuta machozi, akacheza. Aliendelea kucheza mpaka nyonga ikamshinda. Agosti akabadilishwa kwenda Cleveland ili apatikane Kyrie Irving. Kwa hesabu za kikapu unaweza kuutetea uamuzi ule, ingawa Irving mwenyewe aliondoka baada ya misimu miwili. Thomas hakuwa mzee, alikuwa na miaka 28 tu, lakini ameeleza hadharani jinsi alivyoumia, na mkataba mkubwa aliokuwa anausubiri haukuja kamwe. Mtu aliyekufanyia hivyo unamdai nini tena? Ungemweka chini mapema, ukamwambia unachofikiria, akasikia kwako kabla ya kusikia kwa watu. Maumivu yasingekwisha, lakini heshima ingebaki.

Waliofanya vizuri wapo. Marehemu Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa, alikuwa na miaka 34 Februari 2001 Atlanta walipombadilisha kwenda Philadelphia. Atlanta walikuwa hawaendi popote, na Mutombo alikuwa anaelekea mwisho wa mkataba wake. Miezi minne baadaye alikuwa anacheza fainali na Allen Iverson dhidi ya Lakers, na mwaka ule ule akatajwa mkabaji bora wa ligi kwa mara ya nne. Walifungwa fainali hizo, lakini fikirini angebaki kuzuia mitupo katika timu inayopoteza. Aliendelea kucheza mpaka 2009, na hospitali aliyoipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa Kinshasa mwaka 2007 akiwa bado mchezaji. Atlanta wamepandisha jezi yake namba 55 darini, na Denver, alikoanzia, nao pia. Mji unaweza kumwachia mtu na bado ukabaki wake.

Tena siku hizi wanarudi. Damian Lillard alikaa Portland misimu 11, akaomba kuondoka mwaka 2023 akiwa na miaka 32, akapelekwa Milwaukee. Aprili 2025 kano ya kisigino ikakatika. Milwaukee wakavunja mkataba wake, na deni la zaidi ya dola milioni 110 wakaligawanya kwa miaka mitano. Portland wakamchukua tena Julai ile ile, na safari hii wakampa kile kifungu cha kukataa kubadilishwa. Portland walipomwachia walipata vijana na nafasi za drafti. Walipomrudisha walipata mtu wao, kwa mshahara wanaoumudu. Milwaukee ndio wanaolipa.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia, rudi kwa wenzako mtazame pamoja. Wamekosea kumzungumzia mtu aliyewapa furaha miaka yote hiyo kana kwamba ni gari bovu, na wakuombe radhi kwa hilo. Lakini kwa uamuzi wenyewe wako sahihi kuliko wewe. Kabla ya dirisha la Februari, ulizeni maswali matatu: nani anamtaka leo, kinachorudi ni drafti na vijana au ni mikataba mirefu ya watu wa kawaida, na je, mwenyewe ameulizwa? Majibu yakiwa mazuri, aende. Na atakaporudi kucheza dhidi yenu akiwa na jezi ya wengine, wewe uwe wa kwanza kusimama na kumpigia makofi.